Poligala: Pambo Kwao, Magugu Ugenini

Katika nchi ya Afrika ya Kusini, tangu Cape mpaka KwaZulu-Natal, humea mti mdogo wa maua uitwao poligala. Wataalamu huuita Polygala myrtifolia. Majani yake hayapukutiki, na kimo chake kwa kawaida ni futi 3 hata 6. Maua yake ya zambarau huonekana karibu mwaka mzima, lakini huzidi mwezi wa Septemba. Ndiyo sababu wasemao Kiafrikaans wakauita mti wa Septemba.

Kuupanda si kazi ngumu. Mbegu huatikwa kitaluni, au hukatwa vipandikizi katika ncha za matawi. Hutaka jua na udongo mwepesi usiotuamisha maji. Ukisha kushika mizizi, hustahimili ukavu na upepo wa baharini. Mche ungali mchanga hukatwa ncha, upate kutoa matawi mengi na kufaa kuwa ua wa nyumba.

Watu wa Cape waliutumia kwa mengine pia. Majani makavu yalichanganywa na maji, yakabandikwa penye jongo. Waislamu wa huko walikwangua gome lake, wakalikoroga majini hata likatoa povu, wakaoshea maiti kabla ya maziko.

Lakini mti huu una habari nyingine. Ulichukuliwa Australia kwa ajili ya kupamba bustani. Huko ukatoroka, ukaenea katika misitu ya pwani na kuisonga mimea ya wenyeji. Mbegu zake hukaa ardhini, na moto ukipita, miche huchipuka kwa wingi. Sifa zile zile zilizopendwa bustanini, yaani kuota upesi na kuvumilia shida, ndizo zilizoufanya kuwa magugu.

Wakulima wa Kenya hawana haja ya kwenda Australia kuliona jambo hili. Lantana nayo ilitoka Amerika ya Kati na ya Kusini, ikapandwa kwa uzuri wa maua yake na kwa kufanya ua. Leo imevamia malisho, na ng'ombe waulao majani yake hudhurika.

Basi apandaye mti mgeni na aulize kwanza mbegu zake huenda wapi, aikate miche iotayo nje ya ua, wala asitupe matawi yenye mbegu porini. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta huu hujengwa na majirani wote.