Udhibiti wa virusi vya hewani katika maabara ya uzazi

Udhibiti wa virusi vya hewani katika maabara ya uzazi ni jumla ya hatua zinazochukuliwa ili virusi vinavyosafiri kwa njia ya hewa, kama vile vya surua, tetekuwanga, mafua makali na UVIKO-19, visienee kati ya wafanyakazi na wagonjwa wa maabara inayotungisha mimba nje ya mwili. Maabara hiyo hutunza mayai, mbegu za kiume na viinitete, yaani mimba changa za siku chache. Kwa hiyo ina wawili wa kulindwa: binadamu anayepumua ndani ya chumba, na kiinitete kilichomo katika sahani. Ugumu wa kazi hii ni kwamba kinga ya mmoja huweza kuwa hatari kwa mwingine.

Historia

Mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Robert Edwards, mmoja wa waliovumbua njia hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Katika Afrika Mashariki watoto wa namna hiyo walizaliwa Uganda mwaka 2004 na Kenya mwaka 2006. Nchini Tanzania huduma hiyo hupatikana zaidi katika miji mikubwa, hasa Dar es Salaam. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 6 hupata tatizo la ugumba wakati fulani wa maisha yake. Si jambo la matajiri wala la mjini tu. Wenzi wasiopata mtoto wapo Handeni na Korogwe kama walivyo mahali pengine.

Suala la virusi vya hewani lilijitokeza wazi mwaka 2020. Tarehe 14 Machi chama cha Ulaya cha wataalamu wa uzazi kilishauri wagonjwa wasianzishiwe matibabu mapya, na tarehe 17 Machi chama cha Marekani kikatoa ushauri kama huo. Katikati ya siku hizo, tarehe 16 Machi, Waziri wa Afya wa Tanzania Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini, aliyekuwa Arusha. Mwishoni mwa Aprili chama cha Ulaya kilitoa mwongozo wa kurudi kazini. Kwa mwanamke wa miaka 41 au 42 miezi ya kusubiri si kitu kidogo, kwa sababu idadi na ubora wa mayai hupungua kadiri umri unavyosonga.

Mwelekeo wa hewa

Msomaji aliyewahi kupelekwa kupima kifua kikuu anaijua kanuni ya kawaida: makohozi hutolewa nje penye upepo, na chumba cha wagonjwa huwekwa madirisha makubwa. Kama kuna mitambo, chumba cha kutenga wagonjwa wa magonjwa ya hewani hupewa shinikizo dogo kuliko ukumbi wa nje. Mlango ukifunguliwa hewa huingia badala ya kutoka, na vijidudu hubaki ndani mpaka vitolewe kwa mashine. Inashauriwa hewa ya chumba hicho ibadilishwe angalau mara 12 kwa saa.

Maabara ya viinitete hufanya kinyume kabisa. Chumba chake huwa na shinikizo kubwa kuliko vyumba vya jirani ili vumbi, moshi na harufu za nje visiingie. Mlango ukifunguliwa, hewa hutoka. Kama ndani yuko mfanyakazi mwenye UVIKO-19, pumzi yake nayo husukumwa kuelekea chumba cha upasuaji ambako mwanamke amelala usingizi wa dawa. Kugeuza shinikizo si jibu, maana vumbi lingeingia moja kwa moja penye viinitete. Jibu linalotumika ni kuongeza kiasi cha hewa safi kinachoingia, kupitisha hewa inayozunguka katika vichujio, kuweka chumba kidogo cha kati chenye milango miwili isiyofunguliwa pamoja, na zaidi ya yote kuhakikisha kwamba mgonjwa wa mafua haingii.

Hitilafu kama hiyo imo katika makabati ya kufanyia kazi. Kabati la kawaida la viinitete hupuliza hewa iliyochujwa juu ya sahani kisha kumwelekea mfanyakazi usoni. Sahani inabaki safi, lakini chochote kilichorushwa kutoka kwenye manii au majimaji ya mfuko wa yai kinamfuata yeye. Kabati la usalama wa kibiolojia la daraja la pili huwalinda wote wawili, kwa kuwa huvuta hewa mbele ya mikono ya mfanyakazi na kuichuja kabla ya kuitoa. Manii husafishwa kwa mashine inayozungushwa kwa kasi, na mashine hiyo ikifunguliwa mapema huweza kutoa matone madogo mno. Ndiyo maana vifuniko vyake husubiriwa vitulie.

Vichujio na dawa za kusafishia

Kichujio bora cha hewa hunasa asilimia 99.97 ya chembe zenye upana wa mikromita 0.3. Wanafunzi wengi huuliza: kirusi cha UVIKO-19 kina mikromita 0.1 tu, je, hakipenyi? Hakipenyi kirahisi. Chembe ndogo sana hazisafiri katika mstari ulionyooka. Hugongwagongwa na molekuli za hewa, zikayumba na kujikwaa kwenye nyuzi za kichujio. Chembe kubwa nazo hugonga nyuzi kwa uzito wake. Zinazosumbua zaidi ni zile za katikati, ambazo ni karibu mikromita 0.3, na ndiyo maana kipimo hutolewa kwa ukubwa huo. Tena kirusi mara chache husafiri peke yake. Hubebwa ndani ya tone la mate au kamasi.

Kichujio hicho hakizuii gesi. Mvuke wa rangi mpya, manukato, spiriti na moshi wa jenereta hupita, na huweza kudhoofisha ukuaji wa kiinitete. Kwa hiyo huongezwa kichujio cha mkaa maalumu. Hapa ndipo desturi nzuri ya wakati wa UVIKO-19, yaani kupaka spiriti kila mahali kila saa, inapogongana na kazi. Katika maabara hii mikono husafishwa kwa maji na sabuni mlangoni, spiriti huachwa ikauke mbali na inkubeta, na sakafu huoshwa baada ya viinitete kufungiwa, kwa dawa isiyoacha mvuke mwingi. Taa za miali ya urujuanimno huwashwa chumba kikiwa kitupu.

Saa zisizoahirishwa

Mwanamke hudungwa sindano ya mwisho ya kukomaza mayai, kisha mayai huvunwa yapata saa 36 baadaye. Yakicheleweshwa, hutoka yenyewe na kupotea. Kwa sababu hiyo kipimo cha virusi na maswali kuhusu homa na kikohozi huwekwa kabla ya sindano hiyo. Mgonjwa akigundulika kabla, matibabu husimamishwa na hasara ni dawa zilizokwishatumika. Akigundulika baada ya sindano, daktari hupima uzito wa mambo mawili: hatari ya usingizi wa dawa kwa mtu mwenye ugonjwa wa mapafu, na hatari ya ovari kuvimba zikiachwa. Mara nyingi mayai huvunwa mwisho wa orodha ya siku, wafanyakazi wakiwa na barakoa zinazobana uso, na viinitete hugandishwa katika nitrojeni ya majimaji yenye nyuzi −196 hadi mama apone.

Upande wa wafanyakazi tatizo ni uchache. Maabara nyingi huwa na wataalamu wa viinitete wawili au watatu. Wakiugua pamoja, hakuna wa kufungua inkubeta siku ya tatu na ya tano. Kwa hiyo mwaka 2020 maabara nyingi ziligawa watu katika zamu zisizokutana hata wakati wa chai. Kwa maoni ya mwandishi hatua hiyo ya bure ina manufaa kuliko mashine nyingi za bei.

Chanjo ni sehemu ya kinga hii. Tanzania ilizindua chanjo ya UVIKO-19 tarehe 28 Julai 2021, na uvumi kwamba inaleta ugumba ukasambaa kama nchi nyingine. Tafiti za Israel na Marekani zilizolinganisha wanawake waliochanjwa na wasiochanjwa katika matibabu haya hazikuona tofauti ya mayai wala mimba. Kwa surua na rubela, chanjo hutolewa kabla ya mimba, kwa kuwa rubela huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Handeni na Korogwe

Mgonjwa anayetoka Handeni hupanda basi kupitia Mkata, na wa Korogwe kupitia Segera, akikaa saa kadhaa na watu wengi. Akifungiwa vioo kwa ajili ya kiyoyozi, anapumua pumzi ya basi zima. Safari ya siku moja kabla ya kuvuna mayai ni mbaya kuliko kufika mapema na kukaa kwa ndugu asiye na kikohozi. Kwa kawaida gharama hubebwa na wenzi wenyewe, na mzunguko ukiahirishwa kwa sababu ya mafua, mahindi au ng'ombe waliouzwa hawarudi.

Kuwa na maabara nzito katika mji wa wilaya si ndoto. Kituo cha utafiti cha Korogwe kilikuwa kimojawapo cha vituo 11 vya Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014, kazi inayodai majokofu yasiyozimika na vipimo vya uhakika. Maabara ya viinitete katika eneo hilo ingelazimika kupambana pia na vumbi la mashamba ya mkonge upande wa Korogwe na vumbi jekundu la kiangazi upande wa Handeni, ambavyo huziba vichujio haraka. Kichujio kilichoziba hupitisha hewa kidogo, na shinikizo la chumba hushuka pasipo mtu kujua, isipokuwa kama kuna kipimo mlangoni na mtu anayekisoma kila asubuhi. Jenereta nayo ingewekwa upande ambako upepo hauleti moshi kwenye tundu la kuingizia hewa.