Sura ya Nne: Sharti Lisilosomwa na Mtu Asiyeonekana

Kila baada ya mwaka au miwili huzuka katika kurasa za Facebook tangazo moja lenye maneno mazito ya kisheria, ambalo mtu hulinakili neno kwa neno na kulibandika ukurasani kwake, akiuarifu umma kwamba tangu siku hiyo haipi kampuni ruhusa ya kutumia picha zake wala maneno yake, na akiutaja Mkataba wa Roma kuwa mlinzi wake. Tangazo hili lilienea mwaka 2012, likarudi kwa sura mpya Septemba 2024 likizikataza mashine za akili bandia za Meta zisiguse habari za mwenye ukurasa; na katika Kenya nimeliona likibandikwa na walimu, makarani na mawakili, pengine kwa kuwa jina la Mkataba wa Roma lilisikika mno nchini humo katika miaka ya kesi za The Hague. Mkataba huo wa 1998 unahusu mauaji ya kimbari, jinai za kivita na maovu ya kadiri hiyo, wala hauna kifungu hata kimoja kinachohusu picha ya harusi ya mtu. Mpangaji hapunguzi kodi ya nyumba kwa kuandika kodi nyingine ukutani kwa chaki, na aliyekubali masharti ya huduma hayatangui kwa kupaza sauti peke yake. Ama ayakubali, ama aiache huduma, ama ayavunje akijua kwamba anayavunja. Katika sura hii ninamtazama huyu wa tatu, kwa maana ndiye aliyekosewa zaidi na wanaomsifu na wanaomlaumu pia.

Wanaomlaumu husema kwamba kuvunja sharti la huduma ya mtandaoni ni jinai, na kwamba aliyelivunja hana tofauti na aliyevunja duka. Kauli hii hurudiwa kwa yakini kubwa katika semina na katika magazeti, nayo ni batili. Mwaka 2006, katika jimbo la Missouri huko Marekani, binti wa miaka 13 alijiua baada ya kudhihakiwa kwa ukatili kupitia akaunti ya MySpace iliyofunguliwa kwa jina la mvulana asiyekuwapo duniani, na miongoni mwa waliohusika na akaunti hiyo alikuwamo mama mmoja mtu mzima wa mtaa huo huo. Waendesha mashtaka, kwa kukosa sheria iliyokataza ukatili wa namna ile, walimshitaki mama huyo kwa kuingia katika kompyuta bila idhini, hoja yao ikiwa kwamba masharti ya MySpace yalikataza taarifa za uongo. Baraza la mahakama lilimtia hatiani 2008, lakini mwaka uliofuata Jaji George Wu wa Los Angeles alilitengua shauri, kwa kuwa hoja ile ingewageuza wahalifu watu wasio na idadi ambao kosa lao ni kudanganya umri wao. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa majaji 6 dhidi ya 3, ilikata shauri la askari wa Georgia aliyelipwa fedha ili atafute habari za gari la mtu katika daftari la polisi: alikuwa amekiuka kanuni za kazi yake, ikasema, lakini hakutenda jinai ile aliyoshitakiwa, kwa sababu mlango wa daftari lile alikuwa na haki ya kuufungua. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta nayo inamlenga anayevunja ulinzi wa mfumo ili aingie pasipo idhini, wala si kila aliyepuuza ibara ya kumi na tisa ya masharti asiyoyasoma.

Ninamwomba msomaji aitazame tena ile kesi ya Missouri, maana ndani yake mna fundisho ambalo wanasheria hulipita haraka. Uovu wa tendo lile haukuwa katika jina la uongo. Mke aliyekimbia kipigo cha mumewe, akafungua akaunti kwa jina asilojulikana nalo ili awasiliane na ndugu zake, amelivunja sharti lile lile, kwa tendo lile lile la vidole, na hakuna mwenye insafu atakayemweka katika fungu moja na aliyemdhihaki mtoto hadi akafa. Sharti lililovunjwa ni moja; aliyeumizwa ndiye aliyeleta tofauti.

Sasa niwageukie wanaosifu. Hawa husema kwamba masharti hayamfungi mtu kwa sababu hakuna ayasomaye, na katika nusu ya kwanza ya kauli yao wana ushahidi mzuri. Watafiti wawili, Jonathan Obar na Anne Oeldorf-Hirsch, waliwaalika wanafunzi 543 wa chuo kikuu wajiunge na mtandao wa kubuni walioupa jina la NameDrop, ambao masharti yake yalimtaka mwanachama amtoe mtoto wake wa kwanza kuwa malipo. Karibu wote walipita wasione. Mikataba ya zamani haikuwa hivyo: Tharia Topan, tajiri wa Unguja, alipomkopesha mfanyabiashara Tippu Tip mali ya safari za bara katika karne ya kumi na tisa, wawili hao walijuana, na kila mmoja aliweza kukataa na kutaka bei nyingine. Anayebonyeza neno ‘Nakubali’ hana wa kujadiliana naye. Mahakama Kuu ya Kenya iliukaribia ukweli huo Mei 2025, ilipoiamuru Worldcoin ifute alama za macho na nyuso za watu waliopanga foleni Nairobi mwaka 2023 ili wapewe sarafu za kidijitali, ikiona kwamba ridhaa iliyovutwa kwa malipo si ridhaa kamili.

Basi ridhaa dhaifu huzaa deni dhaifu. Hilo ninalikubali bila kinyongo. Lakini deni hilo dhaifu ni lile tunalowiwa na kampuni, na wanaosifu uvunjaji hukosea pale wanapodhani kwamba katika mkataba huo wamo watu wawili tu. Aghalabu yupo wa tatu, asiyetia saini wala kuonekana, na haki yake haipungui hata chembe kwa sababu sisi hatukusoma. Kwa ajili hiyo nimeyagawa masharti katika mafungu matatu: yanayolinda mfuko wa kampuni, yanayolinda utaratibu wa huduma yenyewe, na yanayolinda watu wengine. Mfano wa fungu la kwanza ningeuchukua popote, ila nimeuchagua ninaoujua zaidi, nao hauishi upesi.

Katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, ambako mitumba humwagwa chini kwa marobota na mikungu ya ndizi hushushwa kutoka kwenye magari alfajiri, hufanyika kila siku ya gulio muamala ambao M-Pesa imewakataza mawakala wake tangu zamani, na ambao karibu kila muuzaji ameufanya. Mama amemaliza kuuza ndizi, anataka kumpelekea mwanawe aliye chuoni Nairobi shilingi 5,000. Njia iliyoandikwa ni kwamba aziweke fedha kwenye laini yake mwenyewe, jambo lisilo na ada, kisha azitume, na kwa viwango vilivyoanza Julai 2023 kutuma huko kutamgharimu shilingi 57. Njia ya soko ni nyingine: anafungua fundo la leso, anahesabu noti juu ya kaunta ya kibanda, na kumsomea wakala namba ya mwanawe.

“Mama, laini hii ni yako?”

“Ni ya mtoto, baba. Weka tu.”

Wakala anaandika namba, floti yake inapungua, fedha zinaingia Nairobi kana kwamba kijana yule amesimama pale kibandani na kuweka amana kwa mkono wake. Mama ameokoa shilingi 57, nazo kwa muuza ndizi si fedha za kupuuzwa. Wakala amepata kamisheni ya kuweka, ambayo hulipwa na kampuni. Na Safaricom, kampuni yenye M-Pesa, imelipa kamisheni kwa muamala ambao haukuiingizia ada ya kutuma. Ukiishia hapo, utasema kwamba hili ni sharti la mfuko tupu, na kwamba kati ya kampuni kubwa na mama wa Daraja Mbili moyo wa mwungwana hauna haja ya kusitasita.

Lakini hatuishii hapo. Katika ada ile ya kutuma imo kodi ya serikali, ambayo mwaka 2023 ilipandishwa kutoka asilimia 12 hadi 15, hivyo hazina ya umma nayo imepunjwa, ingawa mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba kodi hiyo inamwangukia mnyonge kwa uzito usio wa haki. Zito zaidi ni hili. Mtu anayetuma kwa laini yake huonyeshwa jina la mpokeaji kabla hajathibitisha, na akikosea hupeleka ujumbe wake wa muamala kwenye namba 456 akaomba fedha zirudishwe. Mama wetu hana ujumbe. Ujumbe umekwenda kwa wakala na kwa mwenye laini iliyopokea, na katika kumbukumbu zote za mtambo mama hayumo. Kwa mujibu wa daftari, hakuwahi kufika kibandani. Tarakimu moja ikiteleza katika kelele za soko, fedha huangukia kwa mgeni wa Turkana au wa Taveta, na ubishi unabaki kati ya mama anayesema alisoma sawasawa na kijana wa kibandani anayesema aliandika alivyosikia. Mara nyingi kijana huyo si mwenye kibanda, bali ni mwajiriwa wa mshahara mdogo, na hasara hukatwa kwake. Kampuni yenye minara yake haishindwi kujua kwamba simu iliyopokea amana iko Nairobi ilhali wakala yuko Kisii; ikigundua, adhabu humwangukia wakala, wala si mama aliyefaidika.

Tena kuna walaghai, ambao humpigia mtu simu wakimwambia kwamba jamaa yake yuko hospitalini, na humsihi aende kwa wakala akaweke fedha moja kwa moja kwenye namba fulani. Njia hiyo huwafaa kwa sababu hairekodi jina la aliyetapeliwa. Kila wakala anayezoea kutouliza kitambulisho kwa ajili ya mama mwema huwa ameuacha mlango wazi kwa yule mwingine, naye hawezi kuwatofautisha kwa nyuso.

Hukumu yangu, kwa hiyo, imegawanyika, na sioni haya kuiacha hivyo. Mama hana taksiri kubwa kwa kampuni. Kwa kijana wa kibandani anayo, akimsukuma kubeba hatari ambayo yeye mwenyewe haibebi. Na kama kweli anataka kulikwepa sharti, adabu inamtaka aseme mbele ya mashahidi kwamba tarakimu ikipotea hasara ni yake. Kampuni nayo haiwezi kujivika vazi la mlinzi wa wanyonge wakati ingeweza kulimaliza jambo lote kwa kushusha ada ya kutuma fedha kidogo, kwa kuwa hakuna anayekwepa ada asiyoihisi.

Fungu la pili ninaliruka, na la tatu nitalieleza kwa ufupi. Vijana wengi wa Kenya waliojifunza kazi za mtandaoni, kuandika na kunakili sauti na kufundisha mashine, hukodi au hununua akaunti zilizofunguliwa na wengine kwenye majukwaa kama Upwork, yanayokataza jambo hilo waziwazi. Njaa yao ninaijua na siikebehi. Hata hivyo mteja aliyesoma sifa za mtu mmoja akampa siri za biashara yake, kumbe anayezipokea ni mwingine, amehadaiwa. Na pale kazi inapokuwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha, mwanafunzi maskini wa Uingereza aliyeandika yake kwa shida amedhulumiwa na mwenzake tajiri aliyeinunua ya kwake Kenya. Mlango wa kutolewa udhuru ni mwembamba hapa, nao haupanuki kwa kusema kwamba Wazungu wametunyonya.

Wapo pia wanaovunja sharti kwa ajili ya yule mtu wa tatu asiyeonekana. Watafiti wa Marekani walikusudia kufungua akaunti za kubuni katika tovuti za ajira ili wapime kama zinawabagua watu kwa rangi zao, kinyume cha masharti ya tovuti hizo, na Machi 2020 Jaji John Bates wa Washington aliamua kwamba kufanya hivyo si jinai. Kampuni ingali na haki ya kuifunga akaunti ikiigundua, na mtafiti mkweli hatalalamika ikifungwa.

Haki hiyo ya kufunga, hata hivyo, ina mpaka. Machi 2024 jukwaa la Remotasks, ambalo Wakenya wengi walikuwa wakilifanyia kazi ya kuzifundisha mashine, liliiondoa Kenya, na watu wakaipata habari kwa barua pepe. Masharti ya majukwaa ya namna hii huruhusu akaunti kufungwa wakati wowote, na wenyewe wataonyesha kwamba kila mmoja alibonyeza ‘Nakubali’. Ridhaa ile ile dhaifu inayompunguzia mama wa Daraja Mbili deni lake ndiyo inayopunguza haki ya kampuni hapa: sharti la kuondoka bila kueleza haliwezi kufuta ujira wa kazi iliyokwisha kufanywa, na mfanyakazi anayedai malipo yake baada ya akaunti kufungwa hajalivunja sharti lolote.