Istilahi za Vyombo vya Mpiga Gitaa Jukwaani

Muziki wa magitaa ya umeme una umri mrefu katika Afrika ya Mashariki. NUTA Jazz Band iliundwa mwaka 1964. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walifika Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, wakapitia Arusha, na mwaka 1971 wakafika Nairobi, ambako waliunda Simba Wanyika. Pamoja na umri huo, majina ya vyombo vya fani hii hayajatulia bado. Katika makala haya tunakusudia kuyapima machache.

Tumchukue mpiga gitaa anayezuru, ambaye anatarajiwa kupiga katika ukumbi mmoja wa Njoro, mjini Moshi. Gitaa lake atakuja nalo, lakini vyombo vizito atavikuta kwa wenyeji. Kwa hiyo hutanguliza orodha, na katika orodha hiyo huandika: "vipaza sauti viwili". Yeye anakusudia mashine za kukuza sauti ya gitaa. Mwenyeji wake anafahamu vyombo vya kuimbia. Hakuna aliyekosea, maana neno kipaza sauti limebebeshwa vyombo vitatu: kile kinachopokea sauti ya mwimbaji, kile kinachoikuza, na kile kinachoitoa mbele ya wasikilizaji. Neno moja likibeba kazi tatu, msafiri hukuta jukwaa lina upungufu, na saa ya kupiga imewadia.

Twapendekeza kazi hizo zitenganishwe. Kipaza sauti kibaki kwa chombo cha kuimbia, kama watu wengi walivyokwisha kuzoea. Mashine ya kati, iitwayo amplifaya, iitwe kikuza sauti, kwa kuwa hupokea ishara dhaifu ya umeme na kuikuza. Chombo cha kutolea sauti kiendelee kuitwa spika. Wako watakaosema kwamba Spika ni kiongozi wa Bunge. Ni kweli, lakini upatanisho wa kisarufi hutuokoa: Spika wa Bunge amefika, spika ya gitaa imefika. Hakuna mzungumzaji atakayechanganya.

Kinga hiyo haipatikani katika neno pikapu. Wapiga magitaa hulitumia kwa kile kifaa kilicho chini ya nyuzi, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu, ambayo hugeuza mtetemo wa nyuzi za chuma kuwa umeme. Lakini pikapu ni gari la mizigo pia, na majina yote mawili yamo katika ngeli moja. Mtu akisema, "Pikapu imeharibika njiani," msikilizaji hajui kama atafutwe fundi wa magari au fundi wa magitaa. Kwa sababu hiyo twapendekeza kinasa mtetemo, kwa mfano wa kinasa sauti, neno ambalo limekwisha kukubalika.

Sasa tuvitazame vile visanduku vidogo vipangwavyo miguuni pa mpigaji, ambavyo hubadili sauti kabla haijafika kwenye kikuza sauti. Baadhi huviita pedali. Kiswahili kina kikanyagio, nalo latosha. Ugumu uko katika kutaja kazi ya kila kimoja.

Sauti iliyochubuliwa makusudi twaiita mkwaruzo. Kikanyagio cha namna hiyo kilianza kuuzwa Marekani mwaka 1962. Kile kinachofanya gitaa lilie kama mdomo unaofunguka na kufumba, kilichotokea mwaka 1967, kiitwe wawa, kwa kufuata mlio wake. Hili si jambo geni, kwani pikipiki nayo jina lake hufuata mlio.

Sauti inayorudi baada ya muda ni mwangwi. Mkazi wa miteremko ya Kilimanjaro hahitaji kufafanuliwa neno hili. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ukipaza sauti mbele ya genge lililo mita 170 kutoka ulipo, mwangwi utakurudia baada ya sekunde moja. Mashine ya Roland iliyotolewa mwaka 1974 ilifanya kazi hiyo kwa utepe wa sumaku. Ndani ya ukumbi, ambako kuta ziko karibu, marudio huwa mengi na ya haraka hata sikio haliwezi kuyatenga. Hali hiyo tungependa iitwe mrindimo.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini hatukuchagua mvumo. Neno hilo tumeliweka akiba kwa sababu ya usalama. Mvumo ni ile sauti nzito isiyokoma itokayo katika spika wakati umeme wa nyumbani, ambao hapa nchini ni wa volti 230, unapopenya katika nyaya za gitaa. Wapo wanaouondoa mvumo kwa kukata waya wa ardhi wa kikuza sauti. Kufanya hivyo ni kucheza na mauti. Kikuza sauti kikipata hitilafu, umeme waweza kufika katika nyuzi za gitaa, na mpigaji aliyezishika akigusa kipaza sauti kwa mdomo, mkondo hupita mwilini mwake. Mwanamuziki anayeomba "ondoa mrindimo" anataka kitufe kizungushwe tu. Anayeomba "ondoa mvumo" anataka fundi akague nyaya. Maombi haya mawili yakiitwa kwa jina moja, siku moja fundi atakata waya usiopaswa kukatwa.

Mapendekezo haya hayana nguvu ya sheria. Istilahi hukubalika kwa kutumiwa, na watumiaji wa kwanza ni wapigaji wenyewe pamoja na mafundi wanaowaungia vyombo. Ikiwa Moshi, Tanga au Mwanza kuna jina bora zaidi lililokwisha kuota mizizi, twaomba tuandikiwe, ili tulipime pamoja na haya kabla ya kuyapeleka mbele kwa usanifishaji.