Risasi ya Kiwandani na Risasi Iliyojazwa Tena

Mkulima wa Masasi na Newala ajua maana ya kulala dunguni. Mahindi yakianza kukomaa, nguruwe hutoka porini usiku, na nyani huja mchana; asiyelinda havuni. Tena nguruwe hawaji peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha ya kuwa tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 katika Tanzania, na ya kuwa simba huwafuata nguruwe hata mashambani, mahali ambapo watu wamelala kulinda mazao. Mwenye bunduki na leseni yake, akiwa dunguni usiku kama huo, hutegemea kitu kisichozidi kidole kwa urefu, yaani risasi. Ikikataa kulia, ameachwa peke yake. Ikilia kupita kiasi, bunduki yaweza kupasuka mbele ya uso wake. Kwa hiyo leo twataka kueleza namna ya kutambua risasi iliyotoka kiwandani na risasi iliyojazwa tena baada ya kutumika.

Kwanza yatupasa kuijua risasi yenyewe. Ina viungo vinne. Cha kwanza ni ganda, nalo ni la shaba. Bali kwa bunduki ya marisau huwa la plastiki au karatasi, lenye kitako cha madini. Cha pili ni fataki, kile kijisahani kidogo katikati ya kitako, ambacho hupigwa na sindano ya bunduki. Cha tatu ni baruti iliyo ndani. Cha nne ni kichwa kinachoruka, au marisau. Risasi ikiisha kulia, fataki imekufa, baruti imeungua, na kichwa kimekwenda zake. Lililobaki ni ganda tu. Wahenga walisema, ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Na ganda la risasi ni vivyo hivyo: mtu aweza kuliokota, akalitia fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya.

Kazi hiyo si ovu kwa yenyewe. Katika Marekani na Ulaya wako wawindaji wengi wanaojaza risasi zao kwa mizani na vipimo, kila mtu kwa bunduki yake. Hatari iko katika kutojua ni nani aliyeijaza, kwa baruti gani, na kwa kipimo gani. Gobori la wazee wetu lilitumia baruti nyeusi. Baruti ya siku hizi isiyo na moshi ina nguvu nyingi mno kuliko ile. Mtu akipima hii kwa kijiko cha ile, ameutega mkono wake mwenyewe.

Historia ya nchi yetu yatupa mfano mzuri. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwezi wa Aprili mwaka 1915, meli ya Kijerumani iitwayo Rubens ilifika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, imechukua silaha za jeshi la Jenerali von Lettow-Vorbeck. Manowari ya Kiingereza, Hyacinth, iliifukuza na kuipiga, nayo ikazama mahali pasipo na kina kirefu. Shehena ikatolewa majini, lakini risasi nyingi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Ikawa hapana budi kuzifungua, kuisafisha na kuikausha baruti, kubadili baadhi ya fataki, na kuzifunga tena. Hata baada ya kazi hiyo yote, nyingi zilikataa kulia. Mwezi wa Machi mwaka 1916 ilikuja meli ya pili, jina lake Marie, ikatia nanga Sudi, kusini ya Lindi. Hiyo haikuzama, na risasi zake zikashushwa salama. Basi, askari wa siku zile aliweza kuwa na risasi mbili katika mkoba mmoja, zote za Kijerumani, zote zina chapa ya kiwanda kitakoni. Moja ilikuwa kama ilivyotoka kiwandani, na ya pili ilikuwa imefunguliwa na kufungwa tena. Chapa haikumwambia ipi ni ipi.

Hilo ndilo neno kubwa la somo letu. Chapa ya kitako hueleza ganda lilizaliwa wapi. Haielezi ni nani aliyelijaza mara ya mwisho. Kwa hiyo asiyesoma ila chapa amesoma mstari mmoja tu wa barua. Yafaa kutazama dalili nyingine, tena kuzitazama pamoja.

Dalili ya kwanza ni kufanana. Risasi za pakiti moja ya kiwanda hufanana kama mayai ya kuku mmoja: chapa moja, rangi moja, urefu mmoja. Ukiona katika pakiti moja chapa za viwanda mbalimbali, au vichwa visivyolingana, jua kwamba mkono wa mtu umepita hapo. Wala usidanganywe na pakiti yenyewe, kwa maana pakiti ya zamani yaweza kutiwa chochote.

Dalili ya pili ni fataki. Risasi nyingi za kijeshi zilizotoka kiwandani zina duara au vijitundu vilivyogongwa kuizunguka fataki ili isitoke, na mara nyingi pana rangi nyembamba ya kuzuia maji. Katika iliyojazwa tena, alama hizo huenda zikawa zimekwanguliwa, au fataki ikawa mpya na kitako kikawa kikuukuu. Pitisha jicho kwa ubavu: fataki iliyojitokeza nje ya kitako ni ya hatari, kwani yaweza kupigwa kabla bunduki haijafungwa sawasawa.

Dalili ya tatu ni majeraha ya ganda. Ukucha wa bunduki unapovuta ganda nje huacha mkwaruzo katika ukingo wa kitako. Tena, ganda likirudishwa katika umbo lake kwa chombo cha kubania, huweza kupata mikwaruzo ya kwenda urefu. Ukiona mstari unaong'aa ukizunguka ganda karibu na kitako, huenda shaba imevutika na kuwa nyembamba. Ganda hilo laweza kukatika.

Dalili ya nne ni ya bunduki ya marisau. Mdomo wa risasi mpya umekunjwa vizuri kama nyota, au umeviringwa sawasawa. Katika iliyojazwa tena mikunjo huwa imelegea au kupasuka, maandishi yamefutika, na pengine mdomo umezibwa kwa nta au gundi.

Lakini twaonya: dalili hizi zaweza kuthibitisha kwamba risasi imejazwa tena; kukosekana kwake hakuthibitishi kwamba haikujazwa. Fundi stadi huficha kazi yake. Na risasi ya kiwandani nayo, ikikaa miaka mingi kwenye unyevu, huharibika. Kwa hiyo mwenye leseni anunue kwa muuzaji aliyeruhusiwa, katika pakiti isiyofunguliwa, wala asipokee risasi za mkononi, hata zikitoka kwa rafiki.

Risasi ikikataa kulia, usifungue bunduki upesi. Elekeza kasiba mahali pasipo na mtu, ungoje dakika nzima, kwa maana fataki yaweza kuchelewa. Na ikilia kwa sauti hafifu, acha kabisa. Huenda kichwa kimekwama ndani ya kasiba, na risasi ya pili itaipasua.

Neno la mwisho ni kwenu, wanafunzi. Mwezi wa Oktoba mwaka 1916 Wareno waliingia Newala, na mwezi uliofuata wakafukuzwa na Wajerumani. Mwezi wa Oktoba mwaka 1917 palikuwa na vita vikali Mahiwa, kisha Wajerumani wakapita nyanda hizi za Makonde, wakavuka Ruvuma huko Ngomano tarehe 25 Novemba, na Waingereza wakiwafuata nyuma. Risasi za mataifa matatu zilipita katika ardhi hii tunayoilima. Jembe likifukua moja, usiigonge, usiitie motoni, wala usijaribu kuifungua ili kuona ndani. Iache palepale, weka alama, ukamwite mwenyekiti wa kijiji naye awaite polisi. Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kuweka risasi pasipo leseni, hata iwe ukumbusho wa babu. Ganda lililotoboka kwa kutu laweza kuwa bado na baruti na fataki nzima, na mkono wa mtoto ukikatika hauna kiwanda cha kuutengeneza tena.