Mirathi ya Marehemu Asiyejulikana

Barua yenyewe haiandikwi vibaya. Humwita mpokeaji Mheshimiwa, humpa mkono wa tanzia kwa msiba asioujua, kisha humwarifu ya kwamba tajiri mmoja mwenye jina kama lake amefariki ng'ambo, pengine kwa ajali ya ndege, pengine kwa maradhi ya ghafla, naye hakuacha mke wala mtoto. Aliloacha ni mamilioni ya dola katika benki. Wakili wake, au meneja wa benki, ametafuta jamaa wa marehemu kwa miaka asimpate, ndipo akakuona wewe. Ukubali tu kusimama kuwa ndiwe mrithi, mali mtagawana nusu kwa nusu. Kilichobaki ni ada ndogo ya kutengeneza hati.

Zamani barua hizi zilikuja kwa posta, nyingi zikiwa na stempu za Nigeria, na huko kwenyewe utapeli huu ukaitwa 419, kwa nambari ya kifungu cha sheria yao ya jinai kinachouadhibu. Lakini tusiwatwike Wanaijeria mzigo wote. Katika karne ya 19 matapeli wa Ulaya walikuwa wakipeleka barua za tajiri aliyefungwa gerezani Uhispania, ambaye ukimtumia fedha kidogo za kumkomboa atakuonyesha alikozika hazina yake. Hadithi ni ile ile, ila mfungwa amegeuka marehemu. Siku hizi hupita katika simu za mkononi, nayo hupokewa Garissa, Wajir na Mandera kama inavyopokewa Lamu na Mombasa.

Msomaji wa Mwambao ataniuliza, mbona leo unatupeleka Garissa? Nawapeleka kwa kuwa kule uwongo huu una ardhi yenye rutuba, na kule kule kuna silaha nzuri ya kuukatia mzizi.

Rutuba ni hii. Mji ule wa ukingoni mwa Mto Tana una jamaa dunia nzima. Tangu kambi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991, Wasomali wengi wamehamishiwa Marekani, Kanada, Ulaya na Australia, na mji wa Minneapolis hutajwa mitaani Garissa kama sisi tunavyoitaja Maskati. Basi habari kwamba jamaa amefia mbali akiwa na mali si muujiza. Wala sisi tusicheke, kwani ni nani katika mitaa yetu asiyekuwa na mjomba wa kusimuliwa, aliyepanda jahazi na kaskazi ya mwaka ule asirudi?

Tena kuna hawala. Fedha husafiri kutoka bara hadi bara kwa neno la mtu na amana ya mwenye duka. Mwezi wa Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, serikali ilisimamisha leseni za makampuni 13 ya kupeleka fedha, na hata yaliporuhusiwa kufungua tena miezi miwili baadaye, kila mtu alikuwa amekwisha kuona ni vyungu vingapi vilivyokuwa vikichemka kwa fedha za jamaa walio mbali. Mtu aliyezoea kupokea kwa simu moja tu, bila makaratasi mengi, hashtuki akiambiwa kuna fedha zake zinamngoja.

Lakini angalia vizuri, maana hawala yenyewe inamsuta tapeli. Katika hawala anayetuma ndiye alipaye ujira. Anayepokea kazi yake ni kwenda kuhesabu. Mama muuza maziwa ya ngamia hajapata kuambiwa na mwenye hawala, leta kwanza elfu tano ndipo nikupe laki uliyotumiwa na mwanao. Angeambiwa hivyo angepiga kelele soko zima likusanyike. Ajabu ni kwamba maneno yale yale, yakiandikwa kwa Kiingereza cha mawakili na kupigwa mhuri, huyaheshimu.

Sasa tuje kwenye silaha. Tumfikirie mzee mmoja mchuuzi wa mbuzi, yuko sokoni, na kijana wa nduguye amemsomea ujumbe uliokuja usiku.

"Adeer, riziki imetujia," asema kijana. Adeer ni ami, ndugu wa baba, na kwa desturi ya Wasomali ami naye humwita mtoto wa nduguye adeer. "Marehemu ni wa jina letu."

"Jina letu lipi, adeer?" auliza mzee.

Hapo ndipo chombo kinapoanza kuingia maji. Mwandishi wa barua hudhani kila mtu duniani ana jina la ukoo kama Wazungu, ambalo babu, baba, ami na wajukuu wote hulichukua. Msomali hana jina la namna hiyo. Kijana akiitwa Ahmed Ali Noor, Ahmed ni yeye, Ali ni baba yake, Noor ni babu yake. Ami yake ataitwa, tuseme, Hassan Noor Farah, kwa kuwa babake Noor ni Farah. Na mtoto wa Ahmed atakuwa fulani Ahmed Ali, jina la Noor limekwisha kutoka katika kitambulisho chake. Basi akitokea jamaa wa karibu wa Ahmed ambaye jina lake la tatu ni huyo huyo babu Noor, huyo ni ndugu yake kwa baba au ni mtoto wa ami yake, watu aliokula nao sinia moja. Wengine wote wenye jina hilo ni bahati ya majina tu, nao ni wengi kama mchanga wa Tana. Ami tajiri wa ng'ambo anayeshiriki jina la mwisho na mtoto wa nduguye hawezi kuzaliwa katika utaratibu huu. Amezaliwa katika kichwa cha tapeli.

Kinachomtambulisha Msomali ni abtirsi, yaani silsila ya mababa, ambayo mtoto hufunzwa kuikariri tangu udogo, jina baada ya jina, mababa kumi na zaidi, hadi afike kwa mkuu wa kabila. Kwa hiyo mzee wetu hahitaji kwenda kwa wakili. Atamwambia kijana: mwandikie mtu huyo, mwambie atutajie mababa saba wa huyo marehemu. Jibu likija, halitakuwa na mababa. Litakuwa na nambari ya simu ya kupelekea ada.

Silaha nyingine ni yetu sote tuliokaa mkekani mbele ya mwalimu. Katika Suratun Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176, mafungu ya mirathi yametajwa kwa hesabu: mke thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, robo ikiwa hakuacha, mama sudusi ikiwa kuna watoto, na mengineyo ambayo wengi wetu tuliyakariri kabla hatujajua hesabu za sehemu shuleni. Maiti huzikwa kwa mali yake, kisha hulipwa madeni yake, kisha wasia wake, na baki ndiyo warithi hugawana. Urithi huja kwa nasaba au kwa ndoa, na njia ya tatu, ile ya aliyemwacha mtumwa huru, imekufa pamoja na utumwa. Kufanana majina hakumo. Mtu baki aweza kuusiwa, naam, lakini wasia hauvuki thuluthi ila warithi wakiridhia. Na asiyekuwa na mrithi kabisa, katika madhehebu ya Shafi tuliyo nayo sisi na wao Wasomali, mali yake asili yake ni kwenda Baitul Mali. Hakuna kitabu cha faraidhi kilichompa fungu meneja wa benki.

Isome tena barua kwa elimu hiyo. Haikwambii kwamba wewe ni mrithi. Yakwambia usimame kana kwamba ndiwe. Basi ama marehemu huyo hayuko, na wewe ndiwe utakayeibiwa. Ama yuko, na fedha zipo, na pengine ana mama kizee au yatima mahali asiyepata habari, na wewe ndiwe utakayewaibia kwa hati za uwongo. Nimewasikia watu wakijadili barua hizi barazani saa nzima, je, ni kweli au si kweli, na benki hiyo ipo au haipo, bila mmoja wao kuuliza lingekuwa na uhalali gani hata lau lingekuwa kweli. Mtu aliyefunga mlango huo wa kwanza hana haja ya kuichunguza benki.

Asiyeufunga huvutwa hatua kwa hatua. Ada ya kwanza huwa ndogo, ya kiapo cha mahakama. Ikishalipwa hutokea kodi, kisha bima, kisha hati ya kuthibitisha kwamba fedha si za magaidi, na hilo la mwisho huwatisha sana watu wa Kaskazini Mashariki, ambao wamechoka kushukiwa. Kila ada huelezwa kuwa ndiyo ya mwisho. Mlipaji hulipa ya nne ili asipoteze zile tatu, na aghalabu huwa ameagizwa asimwambie mtu, wala mkewe. Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawa humwinamisha mtu ili wamvue kanzu. Sheria ya Kenya inalijua kosa hili. Kifungu cha 313 cha sheria ya jinai humfunga miaka mitatu apataye mali ya mtu kwa udanganyifu, lakini kumkamata mtu ambaye unajua sauti yake tu ni kazi nyingine, na ndiyo sababu ujumbe na risiti za simu zisifutwe kwa aibu, bali zipelekwe polisi siku ile ile.

Hata hivyo sitaki msomaji aondoke akidhani kila ahadi ya malipo ya mirathi ni utapeli. Hapo patakuwa na dhulma nyingine.

Kaskazini Mashariki kuna warithi wa kweli wanaodai kwa haki. Mnamo Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi wa Garissa ulitiwa moto na watu wakauawa katika msako wa askari. Tarehe 10 Februari 1984 wanaume wa Wajir walianza kukusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, na waliokufa hapo wanabishaniwa idadi hadi leo: serikali ilitaja 57, watu wa Wajir wanataja mamia na wengine maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilimkabidhi Rais Uhuru Kenyatta ripoti yake mwezi wa Mei 2013, ikapendekeza walioumizwa na jamaa za waliouawa walipwe fidia. Mwezi wa Machi 2015 Rais akaomba radhi mbele ya Bunge kwa makosa ya serikali zilizopita, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa muda wa miaka mitatu. Miaka hiyo mitatu ikapita, na mingine juu yake, wajane wa Wagalla wangali wakiuliza.

Tazama sasa ugumu wake. Mjane aliyengojeshwa ahadi ya kweli namna hiyo, akijiwa na mtu mwenye daftari na suti, amwambie majina yanaandikwa leo, shilingi mia tano kwa kila mrithi, atamjuaje? Kelele za serikali na kelele za tapeli zinafanana masikioni mwake, na pengine tapeli ana adabu zaidi. Ahadi ikicheleweshwa hivi humfagilia tapeli njia, na lawama hiyo siitii kwa mjane. Kipimo alicho nacho ni kile cha hawala tu: anayekulipa haki yako hakutozi wewe kiingilio. Wakimbizi wa Dadaab huambiwa vivyo hivyo na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ya kwamba nafasi ya kuhamishwa haiuzwi, na bado wako wanaoiuza.

Zipo na fedha ambazo hakuna anayezipigania. Kwa sheria ya mwaka 2011, akaunti ya benki isiyoguswa miaka mitano, na mali nyingine zilizosahauliwa kama hisa na bima, hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, ambayo wengi huijua kwa herufi zake, UFAA. Huko yamerundikana mabilioni ya shilingi, na sehemu yake ni ya watu waliokufa bila kuwaambia wake zao wana akaunti wapi. Dereva wa lori wa Garissa aliyeweka akiba Nairobi, askari wa Mandera, karani wa Hola, hao ndio marehemu wenye jina kweli, na jina lao unalijua kwa kuwa ni baba yako. Jina na nambari ya kitambulisho hutafutwa kwa simu, *361#, au katika mtandao wa Mamlaka yenyewe.

Zikionekana, fedha za marehemu hudaiwa kwa hati ya mahakama ya kumtambua msimamizi wa mirathi. Kwa Waislamu jambo hili limewekwa wazi tangu mwaka 1990, Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika 1981 ilipogeuzwa ili mirathi yetu ifuate sheria ya Kiislamu, na Kadhi yuko Garissa, yuko Wajir, yuko Mandera. Yeye atauliza waliobaki ni nani: mke, mama, watoto wangapi, wa kiume na wa kike. Ataita mashahidi wanaomjua marehemu na mababa zake. Ada ya mahakama hulipwa mahakamani kwa risiti. Na kwa UFAA, kutafuta jina na kupeleka dai hakulipiwi hata senti.