Uteuzi wa Vicheza-Muziki vya Mkononi: Ukubwa, Uwezo na Hatima ya Sauti

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, katika soko la vyombo vya umeme methali hii yahitaji kutumiwa kwa hadhari. Mnunuzi asimamaye mbele ya kabati la kioo huona vicheza-muziki vya kila sura: kimoja kidogo kama kidole gumba, kingine chenye kiwambo kipana, kingine kizito lakini chenye nafasi ya maelfu ya nyimbo. Vyote vyameremeta, na vyote vyajiuza. Ni nadra muuzaji kumweleza mteja kwamba tofauti iliyo muhimu zaidi baina ya vyombo hivyo haionekani kwa macho.

Makala hii inakusudia kueleza misingi ya kuchagua kicheza-muziki cha mkononi, hasa kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Mwanafunzi huyu si msikilizaji tu wa nyimbo za kumliwaza safarini. Yeye pia husikiliza taarabu ili kuuchambua ushairi wake, hunukuu tenzi kutoka kanda za kale, na mara nyingine huenda nyanjani kurekodi ngano na nyimbo za wazee. Kwake yeye, chombo kibaya hakiharibu starehe pekee, bali chaweza kupoteza sauti ambayo haitapatikana tena.

Kutoka Santuri hadi Faili

Si jambo geni kwa chombo kuuamrisha muziki. Siti binti Saad wa Unguja aliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa santuri ya wakati huo ulichukua takriban dakika tatu tu. Wimbo wa taarabu uliozoea kwenda kwa mapana na marefu ulilazimika kufupishwa au kukatwa vipande. Kaseti iliyoletwa na kampuni ya Philips mwaka 1963 iliondoa kizuizi hicho, kwani upande mmoja ungeweza kubeba nusu saa au zaidi. Ndiyo maana kanda zilienea sana pwani ya Kenya, na sauti za Juma Bhalo na Zein l'Abdin zikasikika majumbani na madukani.

Mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Walkman ya kwanza, chombo kilichomwezesha mtu kutembea na muziki wake masikioni. Inafaa kukumbukwa kwamba Walkman hiyo ilicheza kanda tu, wala haikuweza kurekodi. Tangu hapo swali lilikwisha kuzuka: je, chombo cha mkononi ni sikio tu, au ni sikio na kalamu pia?

Katika miaka ya 1990 watafiti, wakiwemo wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, walikamilisha mbinu ya kufinyaza sauti iitwayo MP3. Mbinu hii huacha sehemu za sauti ambazo sikio la binadamu halizitambui kwa urahisi, na hivyo faili huwa ndogo. Mwaka 1998 kicheza-muziki MPMan kutoka Korea Kusini kiliingia sokoni kikiwa na nafasi ya megabaiti 32. Mwaka 2001 kampuni ya Apple ilitoa iPod yenye diski ya gigabaiti 5, ikitangazwa kuwa na uwezo wa kubeba nyimbo 1,000 mfukoni.

Hesabu ya Nafasi

Ahadi hiyo ya nyimbo 1,000 yastahili kuchunguzwa. Ilikadiria wimbo mmoja kuwa na dakika nne, tena uliofinyazwa kwa kiwango cha kilobiti 160 kwa sekunde. Kwa kiwango hicho, dakika moja ya sauti huchukua takriban megabaiti 1.2, na wimbo wa dakika nne huchukua chini kidogo ya megabaiti 5. Kwa msikilizaji wa nyimbo fupi, hesabu hiyo ni sahihi.

Lakini wimbo wa taarabu wenye ala za kutangulia, beti kadhaa na viitikio waweza kufika dakika kumi na mbili. Wimbo kama huo huchukua zaidi ya megabaiti 14. Kwa mpenzi wa taarabu, basi, chombo kile kile hubeba nyimbo zipatazo 350, wala si 1,000. Nazo megabaiti 32 za mwaka 1998 zingemtosheleza kwa nyimbo mbili tu! Kwa sababu hiyo, mnunuzi asihesabu nyimbo bali ahesabu dakika. Kanuni rahisi ni hii: kwa kiwango cha kilobiti 128, dakika moja ni karibu megabaiti moja, na gigabaiti moja ni takriban saa kumi na saba.

Sauti isiyofinyazwa, ambayo aghalabu huhifadhiwa katika faili za WAV, ina hesabu nyingine. Kwa ubora wa diski ya CD, dakika moja huchukua megabaiti kama 10, na gigabaiti moja hujaa kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Aendaye nyanjani kurekodi hana budi kulizingatia jambo hili kabla ya kufunga safari.

Aina Kuu na Wafaao Kuzitumia

Vicheza-muziki vyaweza kugawanywa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni la vyombo vidogo mno visivyo na kiwambo. Mfano ni iPod shuffle ya mwaka 2005, iliyokuwa na uzito wa gramu 22 tu. Chombo cha aina hii humfaa mtu akimbiaye asubuhi au afanyaye kazi za mikono, kwani hakimlemei. Lakini msikilizaji haoni jina la wimbo, wala hawezi kuutafuta ubeti fulani kwa wepesi.

Kundi la pili ni la vyombo vidogo vyenye kiwambo, ambavyo huhifadhi sauti katika kumbukumbu isiyo na sehemu zizungukazo. Vingi vina redio ya FM na kipaza sauti cha kurekodia, na baadhi hutumia betri za kawaida zipatikanazo dukani. Havidhuriki upesi vikianguka au kutikiswa na basi katika barabara mbovu. Kwa mwanafunzi wengi wenye mahitaji ya wastani, kundi hili ndilo lenye manufaa mengi kwa gharama ndogo.

Kundi la tatu ni la vyombo vikubwa vyenye diski inayozunguka. iPod ya kwanza ilikuwa na uzito wa gramu 184, na zile za baadaye zilifikia gigabaiti 160. Zilimfaa mwenye maktaba nzima ya muziki. Kasoro yake ni kwamba diski hiyo huweza kuharibika ikiangushwa, na kila kilichomo kikapotea kwa pigo moja. Apple iliacha kuuza aina hiyo mwaka 2014, na mwaka 2022 ikasitisha iPod zote. Zinazouzwa leo ni za mitumba au za akiba iliyosalia, na mnunuzi achunguze hasa hali ya betri na diski.

Kundi la nne ni la simu za mkononi, ambazo zimetwaa nafasi ya vyombo vingine vyote kwa watu wengi. Hata simu ya bei nafuu, ile iitwayo kabambe, mara nyingi hucheza MP3 kutoka kadi ya kumbukumbu. Hata hivyo, simu hukatiza usikilizaji kwa miito na ujumbe, na betri yake hugawanywa baina ya kazi nyingi. Aidha, nyimbo zisikilizwazo moja kwa moja kutoka mtandaoni si mali ya msikilizaji. Malipo yakikoma au mwenye haki akiziondoa, hazisikiki tena.

Sifa Ndogo Zenye Faida Kubwa

Zipo sifa ambazo matangazo huzitaja kwa maandishi madogo, ilhali ndizo zimfaazo mwanafunzi zaidi. Ya kwanza ni uwezo wa kurudia kipande. Msikilizaji huweka alama mwanzoni na mwishoni mwa mshororo, kisha chombo hukirudia kipande hicho mpaka maneno yote yanukuliwe. Aliyewahi kunukuu utenzi kwa kurudisha nyuma kanda nzima anaifahamu thamani ya sifa hii. Sifa zinazoandamana nayo ni kupunguza kasi ya sauti na kukumbuka mahali msikilizaji alipokomea.

Ya pili ni kiwambo kionyeshacho maelezo. Katika taarabu, mwimbaji na mtunzi mara nyingi ni watu wawili. Baadhi ya mashairi yaliyoimbwa na Juma Bhalo yalitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir, malenga ambaye diwani yake Malenga wa Mvita ilichapishwa mwaka 1971. Faili ya MP3 ina nafasi ya kuandikia jina la mtunzi kando na la mwimbaji, lakini vyombo vingi humwonyesha mwimbaji pekee, na vile visivyo na kiwambo havimwonyeshi yeyote. Hivyo mtunzi hutoweka kimyakimya. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanafunzi aandike majina yote katika tarakilishi kabla ya kuhamisha faili, hata kama chombo chake hakiyaonyeshi.

Ya tatu ni betri. Betri iliyojengewa ndani huchakaa baada ya miaka kadhaa, na kuibadilisha huhitaji fundi. Betri ya kawaida hubadilishwa mara moja hata kijijini pasipo na umeme.

Je, Sauti Yaweza Kutoka?

Swali lililo zito kuliko yote ni hili: sauti ikishaingia katika chombo, yaweza kutoka? Baadhi ya vyombo vya Sony vya mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilitegemea umbizo liitwalo ATRAC, ambalo vyombo vya kampuni nyingine kwa kawaida havikuweza kulicheza. iPod nazo zilifungamanishwa na programu ya iTunes, ambayo ilipokea nyimbo kutoka tarakilishi lakini kwa kawaida haikuzirudisha huko. Nyimbo zilizonunuliwa katika duka la iTunes zilikuwa na kufuli hadi mwaka 2009.

Iwapo mwanafunzi amemrekodi nyanyake akiimba nyimbo za harusi, kisha ajuza huyo akafariki, nakala iliyo chomboni huwa ndiyo pekee duniani. Chombo kikifa nayo, hakuna fedha ziwezazo kuinunua upya. Kwa hiyo kifaacho ni kile kinachotambuliwa na tarakilishi yoyote kama diski ya kawaida, kinachorekodi katika umbizo linalofahamika kama WAV au MP3, na ikiwezekana kilicho na kadi ya kumbukumbu iondolewayo.

Siha ya Masikio

Haifai kuhitimisha bila kuyagusa masikio yenyewe. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) walitoa kiwango cha usalama kwa watu wazima: desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa juma. Kila desibeli tatu zinapoongezwa, muda hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 89, saa hizo 40 hubaki tano tu. Ndani ya matatu yenye kelele, msikilizaji hushawishika kupandisha sauti ili kuishinda ngurumo ya injini. Visikizi vinavyoziba tundu la sikio vyema huzuia kelele ya nje na kumwezesha kusikiliza kwa sauti ya chini. Hivyo ni busara kupunguza gharama ya chombo na kuongeza ya visikizi.

Hitimisho

Imebainika kwamba udogo humfaa mwenda mbio, ukubwa humfaa mwenye hazina pana, na wastani humfaa mwanafunzi. Kabla ya kulipa, mnunuzi na ajiulize maswali manne: Atasikiliza dakika ngapi? Je, atanukuu au atarekodi? Betri itatoka wapi? Na sauti itatokaje? Akiyajibu haya, mng'aro wa kabati la kioo hautamhadaa.

Kisha, jioni ya siku ile ile aliyorekodi, anakili faili zake mahali pengine pawili. Akiba haiozi, walisema wahenga. Lakini akiba ya sauti huoza inapoachwa katika chombo kimoja.