Programu za Ofisi na Barua Pepe: Zipo za Halali, Tena za Bure



Swali hili limetufikia zaidi ya mara moja: mtu amenunua kompyuta iliyokwishatumika, ameikuta ina programu za kuandikia barua na kupigia hesabu, kisha akatanabahi kuwa ni nakala iliyovunjwa ufunguo, haikulipiwa. Je, aendelee kuitumia?

Upande wa hukumu hatutarefusha. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 5 kilichofanyika Kuwait mwezi wa Disemba 1988, liliamua kuwa haki za watunzi na wavumbuzi ni haki zinazolindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Programu ya kompyuta ni jasho la watu, nayo inaingia humo. Wapo wanazuoni waliolegeza kwa mwenye haja anayenakili kwa matumizi yake mwenyewe bila ya kufanyia biashara. Lakini siku hizi hiyo haja yenyewe imekuwa ngumu kuithibitisha, kwa sababu zipo programu zinazofanya kazi ile ile ambazo wenyewe wametoa ruhusa. Wa Allaahu a'lam.

Nasi hatujitoi katika lawama hii. Kompyuta ya madrasa yetu ilitiwa nakala ya namna hiyo dukani, na kwa muda mrefu hatukuuliza. Wiki ya kuandika matokeo ya mitihani likatokea bango juu ya ukurasa: kusoma tunaweza, kuprinti tunaweza, kubadilisha hata herufi moja hatuwezi. Tukaletewa "ufunguo" mwengine kwenye flashi, ukaja na virusi vyake. Flashi za walimu zote zikaharibika. Majina ya watoto tukayaandika upya kwa mkono.

Baada ya hapo ndipo tukahamia LibreOffice. Asili yake ni programu ya Kijerumani iitwayo StarOffice, iliyonunuliwa na kampuni ya Sun mwaka 1999, na mwaka uliofuata ikafunguliwa kwa umma kwa jina la OpenOffice.org. Mwaka 2010 waliokuwa wakiijenga wakajitenga na kuanzisha LibreOffice, ambayo hadi leo iko chini ya wakfu uliosajiliwa Berlin. Waswahili nao wamo katika safari hiyo: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa tafsiri ya Kiswahili ya OpenOffice, ikaitwa Jambo OpenOffice.

Ndani yake mna Writer ya kuandikia, Calc ya mahesabu na Impress ya kuonesha darsa ukutani. Faili za Word na Excel inazifungua. Ila tahadharini na jambo moja ambalo ndilo huwakasirisha watu wakarudi walikotoka: bila ya kuiambia, huhifadhi faili kwa mtindo wake wenyewe, unaoishia na odt. Ukimpelekea mwalimu wa skuli faili hiyo huenda ikamsumbua. Unapohifadhi chagua docx, au kama ni barua isiyohitaji kuguswa tena, bonyeza kitufe cha PDF kilicho pale juu. Waraka wenye majedwali mengi na mapambo huweza kufunguka umepindapinda kidogo. Na zile faili za Excel zenye makro hazitegemewi kufanya kazi zote. Mhasibu anayezitumia kila siku ajaribu kwanza kabla ya kufuta kitu.

Kwa madrasa, lililotufaa zaidi ni Kiarabu. Ingia kwenye Tools, kisha Options, kisha mipangilio ya lugha, uwashe maandishi ya lugha kama Kiarabu. Hapo vitatokea vitufe vya kuandika kutoka kulia kwenda kushoto, na cheti cha kuhitimu kitaandikika Kiarabu na Kiswahili katika ukurasa mmoja. Ipo pia kamusi ya kukagua tahajia za Kiswahili. Ikaguliwe kama imechaguliwa wakati wa kutia programu.

Ama barua pepe, ipo Thunderbird, inayoendeshwa kwa michango ya watumiaji wake. Faida yake kwa visiwani ni bando. Huleta barua zote ndani ya kompyuta, ukazisoma na kuzijibu hata mtandao ukiwa umekatika, na majibu husubiri mpaka uunganishwe. Anwani ya msikiti, ya kamati na yako mwenyewe zote hukaa mahala pamoja bila ya kuchanganyika. Inapokuuliza namna ya kuunganisha, chagua IMAP, ili barua zibaki pia kule zinakohifadhiwa na uzione kwenye simu. Ukichagua POP, kwa mpangilio fulani barua huondoshwa kule zikabaki kwenye kompyuta tu, na kompyuta ikifa zimekwenda nayo. Tangu mwaka 2024 ipo Thunderbird ya simu za Android pia.

Neno "bure" lisituchanganye. Ipo programu ya bure kwa siku thelathini, kisha inadai. Ipo ya bure lakini hairuhusiwi kumpa mwenzako. Hizi mbili ni huria: leseni yake inakuruhusu kuitumia nyumbani na kwenye biashara, kuinakili na kuigawa, na mwenye ujuzi kuibadilisha.

Ruhusa hiyo ya kugawa ina thamani kubwa kwetu. LibreOffice pekee ni zaidi ya megabaiti 300, na si kila nyumba itamudu kuishusha. Basi mmoja aishushe kutoka libreoffice.org, na Thunderbird kutoka thunderbird.net, si kwengineko, maana zipo kurasa za kuiga zinazochanganya na uchafu. Aitie kwenye flashi safi awapitishie jirani, skuli na madrasa. Sisi tulifanya hivyo usiku mmoja bando la usiku lilipoanza, na asubuhi walimu wote walikuwa nayo.